Boga la Wacuka

Mtaa mzima wa Shauri Moyo hakuna anayejua kulima maboga kunishinda. Haya, shamba langu lenyewe ni gunia moja la udongo mlangoni, na mwaka huu hata hilo gunia lilinishinda.

Kila asubuhi kabla ya shule, mjukuu wangu Wacuka alilimwagilia maji yaliyooshewa mchele. Alikuwa ameahidi darasa zima kwamba atapeleka boga siku ya mavuno. Lakini kila kiboga kilipotokea, kiligeuka manjano na kuanguka, kidogo kama kidole gumba.

"Ni Owen wa mlango wa pili anavifinya!" Wacuka alilia.

"Mimi?" Owen akaruka. "Boga hata nikipewa silili!"

Jumamosi, mwalimu wao, Bwana Ngui, alikuja akakaa kando ya gunia saa nzima.

"Hakuna mwizi hapa," alisema. "Na hakuna nyuki. Bila nyuki wa kubeba chavua, kiboga hudondoka. Nyuki wako kwenye vichaka vya mtoni. Walikuwa wakifuata maua ya magugu kando ya ukuta mpaka hapa. Sasa pale katikati ni vumbi tupu. Wale wadogo hawavuki, na vipepeo pia. Nani alifyeka?"

"Vijana fulani," nilijibu upesi. "Wapita njia. Hata sura sikuziona vizuri."

Mwalimu akamwonyesha Wacuka jinsi ya kuchuma ua dume na kulipangusa ndani ya ua jike, lile lenye kiboga chini yake. Kisha Wacuka akamwomba Owen msamaha, na wote wawili wakapanga mikebe ya alizeti na dania kutoka mtoni hadi mlangoni petu. Dania ilipotoa maua, nyuki wakaja wenyewe. Boga moja likanenepa kuliko kichwa changu.

Siku ya mavuno, Mwalimu Ngui aliliinua mbele ya wazazi. "Mdudu naye anahitaji njia," alisema. "Ukimkatia njia yake, umejikatia chakula chako."

Nilipiga makofi kuliko wote. "Waambie, mwalimu! Hao waliofyeka waone haya!"

Owen akanigeukia, akainua mkono kwa adabu.

"Shosho, mama amenituma. Anasema kama ulishamaliza kufyeka kando ya ukuta, uturudishie slasha yetu."

Nikakohoa sana. Hakuna aliyeniletea maji.