Zawadi ya Mwalimu Mochizuki

"Kifaranga amebeba yai. Mwache apite."

Sauti ya Mkuu Iwase ilikuwa kavu sikioni mwa Chizuru Nagumo. Chizuru, jasusi wa kikosi kisicho na kibao mlangoni, alikuwa ameegemea pikipiki yake ya Honda mbele ya bafu la umma la Dogo, mjini Matsuyama, akijifanya anakula aiskrimu.

Kifaranga alikuwa Sereana, mwanafunzi kutoka Fiji. Hana hata wiki Japani. Nywele bado mbichi kwa maji ya moto, anacheka peke yake, anapiga picha kila anachokiona, hata mifuniko ya mitaro. Kwapani alikuwa na boksi lililofungwa kwa karatasi ya maua.

Ndani ya boksi mlikuwa na vijiti vya kupandikizia aina mpya ya mchungwa, vilivyoibwa shamba la utafiti. Wakulima wa visiwani waliutunza mchungwa ule miaka na miaka, na hawajauza hata tunda moja. Vijiti vikivuka bahari, wengine wataupanda na kuuza kwanza, kwisha habari yao.

"Anapanda tramu, anakwenda ngomeni," Chizuru alisema.

"Sawa. Mnunuzi yuko juu na Mochizuki. Msichana akishakabidhi, tunawanyaka. Mnunuzi na msichana."

"Na Mochizuki?"

"Mochizuki hajaonekana akigusa kitu. Hatuna ushahidi."

"Msichana hajui kilichomo, Mkuu!"

"Atamweleza hakimu."

Hebu sikia hayo! Mtu yuko ofisini, ana chai yake na feni yake, anagawa maisha ya binti wa watu utadhani anagawa karata. Chizuru aliitupa aiskrimu kwenye pipa, akawasha pikipiki.

Akaifuata tramu mpaka chini ya ngome.

Kupanda ngome ya Matsuyama kuna viti vinavyoning'inia kwenye kamba ya chuma, kila kiti mtu mmoja, miguu inaelea juu ya wavu. Sereana alikaa. Chizuru akarukia kiti cha nyuma yake.

"Sereana. Usigeuke."

Msichana aligeuka papo hapo. "Ee! Unanijua?"

"Nimesema usigeuke! Mimi ni mtu wa serikali. Hilo boksi umepewa na nani?"

"Mwalimu Mochizuki. Anatufundisha adabu za huku, sisi wageni. Kuna keki ya rafiki yake. Kwani nini?"

"Umelifungua?"

"Wee! Nina wazimu? Somo la kwanza kabisa, Jumatatu, lilikuwa hilo. Zawadi haifunguliwi mbele ya aliyeitoa. Ni aibu kubwa."

"Nani alilifundisha?"

"Si yeye mwenyewe!"

Jizi lile lilikuwa limesimama mbele ya ubao, limevaa tai, likiwafundisha watoto wa watu jinsi ya kulibebea wizi wake.

Akamweleza Sereana yote, haraka, bila kupamba. Vijiti. Mnunuzi. Pingu.

"Nagumo!" Iwase alibweka sikioni. "Funga mdomo! Ni amri!"

Chizuru alichomoa kidude sikioni, akakiachia. Kikadondoka kwenye wavu chini.

Sereana hakuwa anacheka tena. "Nikilitupa je?"

"Atasema umeliiba. Nataka aseme ni lake, watu wasikie."

"Nimekula mezani kwake," Sereana alisema. "Mkewe alinipakulia samaki. Mshenzi yule!"

Kileleni kulikuwa na jua kali na kibanda cha juisi ya machungwa. Mabibi wazee waliokuja kutembea, kofia zao pana kichwani, walijaa kwenye mabenchi. Mochizuki aliinama kwa tabasamu. Pembeni yake alisimama Brekke, mfanyabiashara wa mbegu kutoka Ulaya, mzungu mrefu mwenye shati la kitani. Mkono wake tayari umenyooka.

Chizuru alinunua juisi, akaielekeza saa yake ya Seiko kwao. Kamera ilikuwa inanasa picha na sauti.

"Mwalimu," Sereana alisema kwa sauti kubwa, "hii ndiyo zawadi yako kwa huyu bwana?"

Mochizuki aliwatupia mabibi jicho. Wote walikuwa wanatazama. Adabu ikamshika koo.

"Ndiyo, ndiyo. Kitu kidogo tu, cha ovyo. Nimekifunga mwenyewe."

"Kwa mikono yako?"

"Kwa mikono yangu. Mkabidhi, basi."

Sereana akaichana karatasi.

Hakuifungua. Aliichana! Mabibi waliguna kwa pamoja, mmoja akafunika macho. Mochizuki alinyoosha mkono, akaurudisha. Angempokonyaje mgeni zawadi mbele ya watu? Alibaki anatabasamu, jasho linamtiririka. Keki ikaruka huku, pamba yenye maji ikaruka kule, na vijiti vya kijani vikatawanyika kwenye changarawe.

Hakuna mtu wa Ehime, mkoa huu wa machungwa, asiyejua kijiti cha mchungwa.

"Mwizi!" alifoka bibi mmoja aliyeshika juisi.

Brekke alichomoka mbio. Chizuru alimtia ngwara, akamgeuza mkono mgongoni, akamlaza kifudifudi juu ya keki.

"Mjinga wewe!" Mochizuki alimfokea Sereana. "Nilikufundisha nini?"

"Adabu," Sereana alisema. "Nimeona yako."

Askari wawili wa Iwase walitokea mbio nyuma ya kibanda. Hawakumtazama Mochizuki. Walikwenda moja kwa moja kwa Sereana, pingu mkononi.

"Huyu ndiye aliyebeba."

"Aliyebeba nini?" Bibi mwenye juisi alisimama katikati. Mabibi wengine wakamfuata, wakamzunguka msichana. "Mwalimu kasema kafunga mwenyewe. Tumesikia sote. Mfunge yeye, kijana, au nikuanikie jina lako mtaa mzima!"

"Na mimi ninayo sauti yake," Chizuru alisema, akiipiga saa yake kwa kidole.

Pingu zikaenda kwa Mochizuki.

Chizuru alisogea mbele ya Sereana, akainama kumwomba radhi, mpaka nywele zikafunika uso.

"Usiniinamie," Sereana alisema. Machozi yalimtoka, ya hasira. "Niambie. Mlijua tangu lini?"

Chizuru angeweza kudanganya. Ndiyo kazi yake.

"Tangu Jumanne."

"Jumanne nilikuwa napiga picha bustanini. Mlinitazama tu?"

"Tulikutazama."

"Ondoka mbele yangu."

Chizuru alikubali kwa kichwa. Akavaa miwani, akaanza kushuka kwa miguu, mikono mfukoni, hana haraka. Kwenye kona ya kwanza simu ililia.

"Nagumo! Wizara imefurahi. Nimewaambia operesheni yetu imekwenda kama tulivyopanga. Msichana yuko wapi? Wanataka picha naye."

"Yuko juu, Mkuu. Panda mwenyewe ukamwombe."

Akakata simu, akaendelea kushuka.