Neno Kutoka Kambi Muru

Pikipiki aina ya Boxer ilikata kona sokoni Kawangware, ikamwaga sukuma wiki ya mama mmoja, ikapotea.

Hadia alisimama, bastola ya Glock mkononi, pumzi juu juu.

"Nimempoteza."

"Tena?" Obiero, mkuu wake, alifoka kwenye kifaa cha sikioni.

Tena. Jasusi mzima, anaachwa na pikipiki! Walanguzi hawa wa bunduki walimtangulia kila mahali, na jana walikuwa wamemteka mwenzake, Mbuvi. Simu zao zote zilinaswa, naye akaletewa nakala za maandishi tu. Hakuambulia kitu. Bosi wao alitoka Kolombia, na amri zake alizitoa kwa maneno ya Kiyurumangui, lugha ya huko kwao iliyokufa zamani.

Alimpigia Daktari Geoffrey, mtaalamu wa lugha aliyeitwa kusaidia.

"Daktari, wamempeleka Mbuvi wapi?"

"Bado tunabishana kuhusu ukoo wa lugha yenyewe. Kuna waliowahi kuiunganisha na lugha za Amerika Kaskazini. Mimi naona haina ndugu."

"Ukoo wa nini? Mtu wangu anakufa!"

"Nisikize, Hadia. Yamebaki maneno machache mno. Nimekwama kwa kitenzi kimoja: kambimuru."

Hadia aliikandamiza simu sikioni.

"Rudia."

"Kambimuru. Kiko kwa kila simu."

"Hicho si kitenzi! Ni Kambi Muru, Kibera! Mimi nimezaliwa hapo jirani, Lindi! Kwa nini mliniletea karatasi badala ya sauti?"

Geoffrey alifungua kompyuta. Akamchezea rekodi. Nyuma ya sauti ya bosi, mashine ya kusaga unga ilinguruma.

Kambi Muru, jirani yake wa zamani, Mama Fatna, alikuwa mlangoni pake.

"Mama, posho mill iko wapi siku hizi?"

"Ile pale, mwanangu. Inanguruma kutwa, na unga hawauzi."

Hadia aliupiga mlango teke.

Mlinzi alirukia AK-47. Risasi moja ya Hadia ikamvunja bega. Bosi akainua mikono. Mbuvi alikuwa amefungwa juu ya magunia ya bunduki, midomo imevimba.

"Umechelewa, Hadia."

"Mlaumu daktari."

Hadia alimtia bosi pingu. Mtu yule akatabasamu, akamwaga maneno yake yasiyo na wenyewe.

"Endelea hivyo hivyo," Hadia alimwambia. "Korti itakutafutia mkalimani. Utangoja sana."

Mbuvi alipofunguliwa na bosi kuchukuliwa na polisi, Hadia alizima kifaa cha sikioni Obiero akiwa katikati ya pongezi, akavuka reli kuelekea mtaa wa Ayany, mikono mfukoni.