Sahani Tupu Mbele ya Kamati

Kinyozi alichoka. Alichoka kusimama, alichoka na umeme unaokatika mteja akiwa nusu kichwa, na sasa alichoka na binti yake, ambaye nyumbani walimwita Waziri kwa kupenda hotuba.

Waziri alikuwa amesimamishwa chuo. Bei ya chakula cha bwalo ilikuwa imepanda mno. Wanafunzi wakaingia bwaloni na sahani tupu, wakaketi kimya. Chuo kikaona hatari kubwa, kikaita walinzi. Waliokaa meza ya mbele wakarudishwa nyumbani.

"Mkuu wa nidhamu kasema nikitaja waliopanga, narudi kesho."

"Wataje, mwanangu! Mitihani iko mlangoni."

"Baba, tulipanga wote."

"Wote ni wengi. Taja wawili tu."

Kitini alikaa jirani yao, karani mstaafu wa mahakama, akinyolewa ndevu.

"Jirani, polepole, sikio ni langu hilo. Kwani kashtakiwa kosa gani?"

"Utovu wa nidhamu."

"Huo ni mfuko, kila kitu kinaingia. Kavunja? Katukana?"

"Nimekaa, mzee," Waziri alijibu. "Na sikula."

"Hata mimi daktari kaniamuru hivyo! Sikilizeni. Usikiri kosa usilolijua. Omba kwa maandishi litajwe wazi, kisha usikilizwe na kamati. Nenda na shahidi. Ni haki yako. Wenzako usiwauze."

Waziri aliandika barua. Wiki iliyofuata, alipoitwa kusikilizwa, kinyozi alifunga kibanda, akaenda kukaa kwenye benchi gumu la kamati, akipiga miayo kwa heshima zote.

"Nani aliwatuma?" mkuu wa nidhamu aliuliza.

"Njaa, mheshimiwa," Waziri alijibu. "Ila haijasajiliwa hapa chuoni."

Kinyozi akafumba macho. Kwisha habari yetu, aliwaza.

Ndipo mpishi wa bwalo, shahidi aliyeletwa na Waziri, akatoa ushahidi. "Hawakuvunja kitu. Walipoondoka waliosha sahani ambazo hawakuzichafua."

Kamati ikanong'onezana hadi kinyozi akasinzia. Alipozinduka, mwenyekiti alikuwa akisema hakuna kosa. Meza yote ya mbele irudi darasani. Na wanafunzi walete wawakilishi, wazungumze na chuo kuhusu bei.

Nje, kinyozi aliegemea ukuta.

"Kwa hiyo chakula kimeshuka bei?"

"Bado, Baba. Mazungumzo ni kesho. Wenzangu wamenichagua mimi niongee."

Kinyozi alimtazama, akashusha pumzi ndefu.

"Waongeleshe kama unavyoniongelesha mimi. Kufikia jioni watakuwa wamekubali."