Chumvi ya Zuhra

Maulida hupika chumvi. Hukwangua udongo wa chumvi karibu na mikoko, huuchuja kwa maji, kisha huyatokosa maji hayo mpaka chumvi ibaki. Watu wa kisiwani wote wananunua kwake.

Mumewe ni Faraji, mwana wa shangazi yake. Siku ya harusi yao watu walicheka, "Binamu, nyama ya hamu!" Kwa hiyo mama mkwe wa Maulida, Bi Mwanamkuu, ni shangazi yake pia.

Binti yao Zuhra ana miaka minne. Anakula sana lakini hanenepi. Choo chake kina mafuta na kinanuka vibaya. Kikohozi hakimwishi. Na ukimbusu shavuni, unaonja chumvi. Jasho lake likikauka, paji la uso linabaki na unga mweupe.

"Wewe ndiye sababu," alisema Bi Mwanamkuu. "Ulipika chumvi na mimba tumboni. Imemwingia mtoto!"

"Shangazi, jamani! Namwogesha kila siku."

"Kuanzia leo asile chumvi. Kajaa tele, unamwongezea ya nini? Na mwezi ukiisha hajapona, utarudi kwa kaka yangu. Mtoto atabaki hapa."

Maulida alilia. Faraji alitoka nje bila kumtetea, na hilo lilimuuma zaidi mkewe. Wakampikia Zuhra uji bila chumvi, samaki bila chumvi.

Wiki ya pili jua lilikuwa kali sana. Zuhra alitapika, akalegea, hata kuitika hawezi. Faraji alimpakia kwenye boti ya injini, wakaenda kituo cha afya. Muuguzi Hanifa alimtundikia dripu. Alipopata nafuu, muuguzi alimshika shavu, akaona unga wa chumvi vidoleni, akauliza maswali mengi, kisha akaandika barua ya rufaa kwenda Dar es Salaam. Huko walipima jasho lake.

Waliporudi, Hanifa alifika nyumbani kwao.

"Ugonjwa wake unaitwa sistiki faibrosisi," alisema. "Makohozi ni mazito, yanaziba mapafu. Chakula hakisagiki vizuri. Na jasho lake linatoa chumvi nyingi mno."

"Si nilisema? Amejaa chumvi!" alisema Bi Mwanamkuu.

"Hapana, Bibi. Inamtoka. Ndiyo maana alianguka. Mlimnyima kitu anachopungukiwa."

Bi Mwanamkuu alishika mdomo. "Yallah! Nilitaka kumuua mjukuu wangu?"

"Hukujua. Na chumvi anayopika mama yake haihusiki. Ugonjwa huu hauambukizi. Unarithiwa. Kila mtu hurithi maagizo mawili yanayouelekeza mwili utengeneze vipi jasho na makohozi, moja la baba, moja la mama. Likiharibika moja, jingine linatosha, na mwenyewe haumwi. Mtoto akipata mabovu yote mawili, anaumwa."

"Kwa hiyo kwangu limetoka moja?" aliuliza Faraji.

"Moja kwako, moja kwa mkeo. Kila mimba, kati ya bahati nne, moja ni ya kuumwa. Mkitaka mtoto mwingine, njooni kwanza tuzungumze. Nanyi ni ndugu. Huenda yote mawili yametoka kwa babu yenu mmoja au bibi yenu."

Bi Mwanamkuu alihesabu kwa vidole. Baba wa Maulida ni kaka yake. Faraji ni mwanawe.

"Basi limepita kwangu," alisema taratibu.

"Huenda. Na huna kosa. Hakuna aliyechagua."

Bi Mwanamkuu alimgeukia Maulida. "Mwanangu, nimekuonea. Nisamehe."

"Yameisha, Shangazi."

Zuhra hajapona. Ugonjwa huu bado hauna tiba ya kuumaliza. Lakini anameza dawa ya kusaga chakula kila anapokula, na kliniki hakosi. Ameongezeka kilo mbili. Anakimbiza kuku.

Kila asubuhi bibi yake humlaza mapajani, akampigapiga mgongo kama muuguzi alivyomfundisha, mpaka makohozi yatoke. Kisha huonja uji wake kabla ya kumpa. Jana alionja, akakunja uso.

"Maulida!" aliita. "Huu uji wa nani, wa adui? Lete chumvi yako!"