Shati la Kwendea Ahero

Siku ya kwanza Akello alidhani Wesonga ni mhudumu wa hoteli. Nani mwingine angekuja soko la Kibuye, mjini Kisumu, Jumatatu asubuhi kutafuta mashati meupe, tena sita kwa mpigo, mikono mifupi, shingo kumi na tano na nusu? Alikuwa kijana mrefu wa mtaa wa Migosi, suruali imepigwa pasi ikawa na makali, na mkononi alishika orodha kama mwanafunzi anayekwenda shule ya bweni mara ya kwanza.

Akello alikuwa ameketi juu ya furushi la mitumba, leso ya njano kiunoni, nywele mbichi kutoka kwa msusi. Majirani zake walisema ulimi wake ungeweza kumuuzia koti la sufu mtu wa Lodwar, kwenye joto lile la jangwani.

"Hoteli gani hiyo, bwana? Niambie nisije nikala huko. Mhudumu mwenyewe macho yanatangatanga."

"Si hoteli. Ni kanisa. Naenda misheni, miaka miwili."

"Na kanisa lenu linakataza rangi?"

"Linakataza mengi," Wesonga akasema, akimtazama usoni bila haya. "Lakini bado sijaondoka."

Alikuwa Mmormoni, mmoja wa wale vijana unaowaona mitaani wawiliwawili, tai shingoni na kibao cheusi cha jina kifuani. Ilibaki miezi minne asafiri. Katika miezi hiyo alikuja Kibuye kila Jumatatu, ingawa mashati alikuwa nayo ya kutosha kanisa zima. Walikula samaki ufukweni Dunga, wakatembea Nyalenda kumsalimia shangazi yake Akello, wakaitana majina ambayo hayaandikiki hapa. Wesonga alimwita Jaber, yaani mrembo kwa Kijaluo, na kwa lafudhi yake ya Kiluhya jina hilo lilimchekesha Akello kila siku.

Wesonga alikuwa na kasoro moja, wivu. Siku moja mteja alimshika Akello mkono akimshukuru kwa koti zuri, akaushika kupita ilivyohitajika. Wesonga alimkunja shati pale pale, wakatenganishwa na mama wauza omena, wale dagaa wa ziwani. Akello alimgombeza hadi Migosi. Nisiwafiche, moyoni alifurahi. Mwanamke akikuambia hapendi kuonewa wivu hata kidogo, mwulize mara ya pili.

Kabla ya kuondoka Wesonga alimweleza masharti. Miaka miwili hana mpenzi, hashiki mkono wa msichana ila kwa salamu, hatembei peke yake hata kwenda dukani. Kupiga simu ni kwa wazazi tu. Kwa rafiki ataandika barua pepe, Jumatatu, siku ya kufua nguo.

"Sikufungi," alimwambia. "Lakini nikirudi nikakukuta, nitakuja kwenu Ahero na mama yangu."

"Nenda basi, Mzee Wesonga," Akello akasema, kwa sababu kule Mwanza alikotumwa ndivyo kibao kingesomeka. Kijana wa miaka ishirini anaitwa mzee. Alicheka sana, na alipomaliza kucheka uso ulikuwa umelowa.

Wiki iliyofuata alifungua furushi jipya akakuta shati la samawati lenye mistari myembamba, halijavaliwa hata siku moja, shingo kumi na tano na nusu. Akalitundika nyuma kabisa ya kibanda. Kila aliyeliulizia aliambiwa limeshauzwa; mama yake tu, alipokuja kumtembelea, ndiye aliyeambiwa ni la nani.

Barua zilikuja. Mwanza ni ziwa lile lile, alimwandikia, ila linakaa upande usio wake. Anaamka saa kumi na mbili na nusu, anasoma maandiko, kisha ni kutembea. Wanapanda vilima vya mawe kutwa, milango ishirini inafungwa, mmoja unafunguliwa, na nyuma ya huo pana mbwa. Mwenzi wake, Mzee Wepukhulu, anakoroma na anachoma ugali. Mwezi wa tatu waligombana kwa sababu ya ugali huo, wakatembea siku nzima bila kusemezana, na jioni Wesonga ndiye aliyeomba msamaha kwanza. "Sijawahi kufanya hivyo maishani," aliandika. "Kumbe mtu hafi." Akasimulia alivyombebea bibi mmoja maji wiki sita, naye bibi asikubali kusikia habari ya dini hata dakika moja, na yeye akaendelea kubeba tu.

Mtu mwingine angesoma hayo akaona mwanamume anakua. Akello aliona watu waliokuwa wakimpata Wesonga huku yeye hampati. Alimwonea wivu Wepukhulu, aliyelala chumba kimoja naye. Alimwonea wivu bibi wa maji. Miezi miwili kabla ya mwisho ikaja picha ya wamisionari tisa mbele ya kanisa, na karibu na Wesonga amesimama msichana wa rangi ya maji ya kunde, gauni la bluu, kacheka meno yote nje. Dada Waliaula, aliandika Wesonga, mtu wa Bungoma, anafundisha vizuri sana.

Mluhya mwenzake, kanisa moja naye. Mama yake Wesonga hangehitaji hata kutafsiriwa. Akello aliikuza picha hiyo kwenye simu mpaka akaona vifungo vya gauni. Kisha akaandika mstari mmoja: "Endelea na huyo wako wa bluu." Barua zilizofuata hakuzifungua. Ziliendelea kuja kila Jumatatu, naye kila Jumatatu alizitazama vichwa tu akaziacha zilivyo, akijisikia mshindi mpaka saa sita hivi, halafu akijisikia vibaya siku iliyobaki.

Hapo ndipo Opondo alipopata nafasi. Opondo aliuza masufuria mkabala na kibanda chake, mtu mpole, mnene kidogo, asiyekunywa pombe. Alimwambia fimbo ya mbali haiui nyoka. Alimwambia pia kwamba angependa kupeleka wazee wake Ahero Jumamosi ya tarehe kumi na nne, kwa ajili ya ayie, ile siku mama wa msichana anapokubali binti yake aolewe. Akello aliomba apewe hadi Jumamosi ya tarehe saba ampe jibu. Kwa mama yake alisema tu kwamba tarehe kumi na nne huenda wakaja wageni, na mama akaanza kunenepesha kuku.

Tarehe saba hakuichagua ovyo. Mama Wesonga alikuwa amemwambia kwamba siku hiyo, saa tano asubuhi, mwanawe anatua Kisumu. Akello akajiwekea mtihani, na ninyi nanyi mtaniambia kama ulikuwa na akili. Wesonga akinikumbatia mbele ya mama yake, alijiapia, Opondo atasikia hapana. Asiponikumbatia, Opondo atasikia ndiyo.

Alikwenda uwanja wa ndege amevaa gauni la kitenge cha zambarau lililomkaa hadi walinzi wakageuka. Abiria wakaanza kutoka. Wesonga alitoka amekonda, shati jeupe limefifia, tai, kibao kifuani. Begani alikuwa na begi lake, na mkononi alikokota sanduku la kike. Kando yake, akicheka kwa meno yale yale, alitembea Dada Waliaula.

Wesonga alimwona mama yake akamkumbatia hadi mama akapoteza kiatu. Kisha akageuka. Akello alikuwa ameshafungua mikono. Wesonga alisimama hatua moja mbele yake, akanyoosha mkono wa kulia.

"Habari yako, Akello."

Mikono miwili iliyofunguliwa mbele ya watu ni vigumu kuifunga kwa heshima. Akello aliishusha, akagusa ncha za vidole vyake kama anayegusa sufuria la moto, akasema habari ni nzuri, karibu nyumbani. Wesonga akauliza kama alipata barua yake. Akasema alizipata zote, na huo haukuwa uongo. Alipofika barabarani alipanda bodaboda ya kwanza, na alilia njia nzima hadi Kibuye, gauni la zambarau likipepea.

Kibandani alilishusha shati la samawati akalitundika mbele kabisa. Simu ikaita. Alikuwa Opondo, amekwenda Ahero kuchukua mchele, anauliza kwa upole kama leo bado ni leo.

"Njoo saa kumi na moja," Akello akamwambia. "Nitakupa jibu."

Opondo alikuja mapema, nusu saa nzima, ameoga. Macho yake yaliliona shati hata kabla ya kukaa. Alikuwa ameliulizia mara mbili akaambiwa limeuzwa. Sasa akauliza kama mwenyewe ameghairi, na Akello akajibu kwamba ndiyo, ameghairi, basi alivae aone. Opondo akalivaa juu ya fulana, akajitazama kwenye kioo kilichovunjika pembe, akaanza kufunga vifungo kuanzia chini.

Wakati huo simu ya Akello ilikuwa imeita mara nne, namba asiyoijua, naye hakupokea. Ilipotimia saa kumi na moja kamili, Wesonga alitokea kwenye kona ya wauza omena, anatembea haraka, anahema. Kifuani hapakuwa na kibao. Palikuwa na matundu mawili madogo tu mahali kilipokaa.

Mama wauza omena walimkumbuka. Mmoja alivuta beseni lake kando, kujitayarisha kwa vita.

Wesonga alimtazama Opondo, akalitazama shati, akamtazama Akello. Msidanganyike kwamba miaka miwili ilimwondolea wivu. Ulikuwepo, ulimpanda hadi masikioni. Ila sasa alijua pa kuiweka mikono yake, akaitia mifukoni.

"Shikamoo, kaka," akamwambia Opondo. "Limekupendeza." Kisha kwa Akello, polepole: "Hukuisoma barua ya mwisho."

"Sikuisoma. Sikusoma hata moja tangu ya yule wa bluu."

"Waliaula ana mchumba Webuye. Amekuja kumpokea baada tu ya wewe kuondoka, naye pia amepewa mkono tu. Isome sasa. Nitangoja."

Yule Wesonga wa zamani hangengoja. Huyu alisimama pale kwenye jua la jioni, soko zima likimtazama, akangoja. Akello alitoa simu, akatafuta barua ya Jumatatu iliyopita, akasoma kwa midomo.

"Jaber, hata kama umenikasirikia, soma hii moja. Kule uwanjani usinikumbatie, tafadhali, maana sitaweza kukukatalia na bado nitakuwa na kibao. Umisionari hauishi ndege ikitua. Unaisha kiongozi wetu wa Kisumu akikaa na mimi na kuniambia nimeachiliwa. Ni saa kumi, kanisani. Mpaka hapo nipe mkono tu. Saa kumi na moja nitakuwa Kibuye, na sitakuwa na kibao."

Akello alisoma mara ya pili, na aibu ikamshika mpaka akaketi juu ya furushi. Miaka miwili huyu mtu alikuwa ametimiza kila alichosema, na yeye, kwa picha moja, alikuwa amekaribia kumpa maisha yake mtu mwingine kwa sababu ya mkono mmoja. Ngojangoja huumiza matumbo, wahenga walisema. Hawakusema kitu juu ya anayengoja huku amefumba macho.

Opondo alikuwa amefika kifungo cha juu. Alijaribu mara moja, akajaribu tena.

"Opondo," Akello akasema. Sauti ilimtoka vibaya, akaanza upya. "Jibu ni hapana. Ulistahili kulisikia tukiwa wawili, si hapa. Nisamehe."

Opondo akaanza kufungua vifungo, kimoja kimoja, bila haraka, akalikunja shati vizuri kuliko alivyolikuta.

"Shingoni lilinibana tangu mwanzo," akasema. Akampa Wesonga, si Akello. Akavuka kwenda kwenye masufuria yake, akayapanga upya yote, makubwa chini na madogo juu, ingawa yalikuwa yamepangwa.

Wesonga alibaki na shati mikononi. Akageuza kola akaona namba. Akauliza limekaa hapo tangu lini, na Akello akamwambia, wiki moja baada ya wewe kuondoka. Hapo ndipo mmisionari wetu, aliyefungiwa milango elfu bila kutikisika, alipoanza kulia.

"Nilikuja kununua shati," akasema alipoweza. "Lolote lisilo jeupe. La kwendea Ahero, na mama. Kama bado kuna wa kumwendea."

Akello alisimama. Alinyoosha mkono wa kulia, kama uwanjani, uso mkavu.

"Habari yako, Wesonga."

Wesonga akaupokea, mnyonge, akidhani ndiyo adhabu yake. Ndipo Akello akamvuta. Walikumbatiana mbele ya mitumba, mbele ya omena, mbele ya Mungu aliyewatenganisha miezi ishirini na minne, na mama mmoja akapiga kigelegele kimoja kifupi, akamtazama Opondo, akanyamaza.

Baadaye, Wesonga akibadilisha shati nyuma ya pazia la makoti, Akello alimpigia mama yake Ahero.

"Mama, wale wageni wa tarehe kumi na nne watakuja," alisema. "Ila si wale."

Upande wa pili kuku walisikika. Kisha mama akauliza swali moja tu, kama ni yule mwenye shati.

Pazia lilifunguka. Wesonga alitoka amefunga vifungo vyote, hadi cha shingoni.

"Ndiye, Mama," Akello akasema. "Limemtosha."