Vitambaa vya Upindo wa Kijani

Mama Uzi ana cherehani moja na mdomo usiochoka. Chumba chake cha kazi anakitumia pamoja na mpiga pasi. Yeye huenda kanisani, mwenzake huenda msikitini, na mwaka wa tisa huu hawajagombania chochote ila dirisha. Mama Uzi hulifungua apate hewa. Mpiga pasi hulalamika kuwa upepo unapeperusha majivu ya pasi yake ya mkaa.

Mwezi huo bomba la mtaa lilikuwa kavu kabisa. Watu wakakubaliana kuandamana kwa amani hadi ofisi ya maji. Mama Uzi akashona vitambaa vyeupe vya kujifunga kichwani, ili wajuane. Uzi mweupe ukamwishia, akapindia wa kijani. Asubuhi binti yake alijifunga kimoja, mpiga pasi kingine, wakaondoka na wenzao. Yeye alibaki kumalizia sare za shule.

Saa sita mchana simu ikalia. Ilikuwa picha ya watu kwa nyuma, vitambaa vyeupe kichwani, moshi mbele yao. Chini iliandikwa: "Waislamu wameteka maandamano. Wanachoma maduka ya Wakristo. Wasirudi mtaani!"

Binti yake yuko huko huko! Kidole kikatangulia akili, akaituma kwenye kundi la mtaa, lenye watu mia mbili.

Haikupita nusu saa, vijana wakajazana kwenye njia ya kuingilia mtaani. Wengine walishika mawe. Mama Uzi akampigia binti yake, hapatikani. Akampigia mpiga pasi, vilevile. Alirudi kushona, akashindwa hata kutunga uzi kwenye sindano.

Fundi simu wa chumba cha pili akaingia, uso umemkunjamana. Akamwuliza picha ile kaipata kwa nani. Mama Uzi akasema katumiwa na shoga yake, na shoga naye katumiwa.

"Basi hakuna aliyeona," alisema fundi simu. "Kabla hujatuma, uliza nani ameona, wapi, lini. Halafu itazame picha yenyewe. Hebu ikuze."

Mama Uzi akaikuza. Vitambaa vilikuwa na upindo wa kijani. Moshi ulitoka kwenye lori bovu, na duka halikuonekana hata moja. Yule wa katikati, mwenye gauni la maua, alikuwa binti yake.

"Ole wangu," alisema. "Mawe yale nimewaokotea mimi."

Alitaka kuifuta picha. Fundi simu akamwambia kufuta hakutoshi, waliosoma wameshasoma. Aseme ukweli palepale aliposema uongo. Akarekodi sauti: "Mimi Mama Uzi. Nimetuma uongo. Vitambaa nimeshona mimi, wamevaa Waislamu na Wakristo. Mwanangu yumo."

Kisha akakimbilia kwa vijana, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, akawaonyesha picha mmoja mmoja. Mmoja alibisha, mpaka akamtambua shangazi yake. Mawe yakaachwa chini.

Alasiri binti na mpiga pasi walirudi salama, kwa njia ya nyuma. Mpiga pasi aliketi bila kuwasha pasi.

"Ujumbe wako nimeupata," alisema. "Wa kwanza na wa pili."

Mama Uzi alilia, akaomba radhi.

"Miaka yote hii naishi hapa, dada. Leo nimepita uchochoroni kama mwizi."

Wiki nzima walifanya kazi kimya. Hata dirisha halikufunguliwa.

Tangu siku hiyo, kundi la mtaa halipokei habari isiyojibu nani ameona, wapi na lini. Mama Uzi ndiye mkali kuliko wote. Ofisi ya maji ilitoa ahadi, ikaivunja, na watu wakapanga kuandamana tena. Safari hii Mama Uzi alinunua uzi mweupe wa kutosha. Mpiga pasi akamletea kitambaa chake kipya.

"Changu pindia kijani," alisema. "Ukiniona kwa nyuma, unijue."

Kisha akaenda kufungua dirisha.