Kitambaa cha Kola

Siku ya Jumamosi mtaa wa maduka ya vitambaa hauna adabu. Watu wanasukumana, makuli wanapita na marobota mabegani, na ukisimama kuchagua rangi unakanyagwa. Bonge alikuwa amesimama, tena katikati ya njia, amevaa gauni la njano lililomkaa sawasawa na hereni ndefu zilizomgusa shingo. Alikuwa mwanamke wa mwili uliojaa, na hakujikunja kumpisha mtu.

Akaona shifoni ya samawati yenye nyuzi za dhahabu, kipande cha mwisho. Akaivuta. Upande wa pili nao ukavutwa.

"Dada, niachie, nimeiwahi," alisema mwanamume mwenye futi ya kupimia shingoni.

"Wewe umeshika pindo, kaka. Kitambaa nimeshika mimi."

"Unataka kushona nini?"

"Vazi la kuchezea. Nafundisha densi ya tumbo."

Macho ya yule mwanamume yakashuka hadi tumboni kwake, kisha yakapanda haraka kama yaliyofumaniwa.

"Liangalie tu," Bonge akamwambia. "Ndilo hilo hilo, halijafichwa."

Mwanamume alicheka mpaka akaachia kitambaa. "Basi chukua. Ila nikushonee mimi. Mimi ni fundi, duka langu liko mtaa wa nyuma."

Jina la Bonge hakupewa na mama yake. Alipewa shuleni na watoto waliotaka alie. Akalichukua, akalivaa, wakabaki hawana cha kumtania nacho. Mchana alikaa kwenye dirisha la malalamiko la ofisi ya maji, na mtu aliyezoea kutukanwa tangu asubuhi kwa sababu ya mabomba asiyoyafunga yeye, huyo humtishi kwa mdomo. Jioni alipanda ngazi hadi chumba kimoja juu ya duka la rangi, akawafundisha wanawake kucheza. Alikuja Nesi mstaafu mwenye kovu la upasuaji kutoka kitovuni kwenda chini. Alikuja mama wa mapacha, tumbo limelegea, na msichana mwembamba ambaye mkanda wa njuga ulimvuka ukaanguka miguuni.

Wote aliwaambia neno moja: tumbo ni ngoma, na kila ngoma ina sauti yake. Kubwa linatoa wimbi refu, dogo linatetema upesi, na lenye kovu lisionewe huruma, lichezwe. Sheria ya chumba ilikuwa moja tu. "Achia tumbo. Hapa habanwi mtu."

Fundi alipima, akapima tena pasipo na haja ya kupima, mapenzi yakaanza. Simu zikawa hazikauki.

"Fundi, umekula?"

"Nimekula. Nakuwaza."

"Unaniwaza mimi au vipimo vyangu?"

"Vipimo nimeshavikariri, kipenzi. Sasa namuwaza mwenye vipimo."

"Huo mdomo wako kashona nani?"

Bonge akikata simu alibaki akitabasamu peke yake, mpaka watu wa dirishani wakasahau walichokuja kulalamikia.

Onyesho la kwanza la wanawake wa chumba kile lilipangwa Jumamosi, ukumbini, mbele ya watu wa mtaa. Nesi na wenzake walikuwa wamekubali kwa sharti moja: Bonge atangulie, tumbo wazi, wao wafuate. Akijificha yeye, wao wanarudi nyumbani.

Alhamisi Bonge akaenda dukani kwa Fundi kulijaribu vazi. Lilikuwa zuri, hilo lazima lisemwe. Shanga zilishuka kifuani, sketi ilipasuliwa hadi pajani, na tumboni shifoni ilitandazwa ikabana vizuri. Bonge akasimama mbele ya kioo, akavuta pumzi, akalituma wimbi kutoka mbavuni. Halikwenda. Akajaribu tena, na tumbo likakaa kimya kama limefungwa plasta. Akapitisha kidole chini ya shifoni, akagusa kitu kigumu, cheupe.

"Hiki si kile mnachoweka ndani ya kola za mashati?"

Fundi akaanza kuichezea futi yake. "Ndicho. Kinashika vizuri."

"Kinashika nini?"

"Mpenzi, sikiliza. Dada yangu na wateja walikuwa hapa, wakaongea. Mambo ya mwili wako. Sikutaka watu wakucheke siku yako."

"Walipoongea, wewe ulisema nini?"

Fundi akatazama cherehani. "Nilinyamaza. Nikashona."

Hapo ndipo palipomuuma Bonge. "Kuchekwa nakujua, Fundi. Nachekwa tangu darasa la pili. Wewe kunionea aibu ndiko sikukujua."

"Sikuonei aibu. Nakupenda."

"Unanipenda nikiwa nimebanwa."

Akaenda nyuma ya pazia, akavaa gauni lake la njano, akaliacha vazi juu ya cherehani. Simu ililia njia nzima. Mwishowe akaipokea.

"Bonge wangu, nipe nafasi."

"Nafasi ulikuwa nayo. Ukaijaza kitambaa cha kola."

Akakata, kisha akalia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, maana alikuwa anampenda yule mwanamume na upendo haukuondoka kwa sababu ya kukata simu.

Kesho yake, kwenye mazoezi, akawaambia wanawake kwamba vazi halipo.

"Kwa hiyo utajifunika?" Nesi akauliza. Chumba kizima kikamtazama, na mama wa mapacha tayari alikuwa anafungua njuga zake.

Bonge akamwomba Nesi mkasi. Akalivua gauni la njano, lile lile la siku ya shifoni, akalikata katikati mbele yao. Juu ikawa blauzi, chini ikawa sketi. Akavivaa, tumbo likakaa katikati, limeachiwa.

"Haya, tutoke hivi," Nesi akasema, na mama wa mapacha akafunga njuga zake upya.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Bonge akatoka wa kwanza. Kabla hajapiga hatua, dada yake Fundi akapaza sauti kutoka safu ya mbele: "Jamani, hizo mbao za jukwaa zimepimwa uzito?" Watu wakaangua kicheko.

Nyuma ya ukumbi mtu akasimama. "Dada, nyamaza. Dukani nilinyamaza mimi. Leo nyamaza wewe."

Bonge aliijua sauti ile, lakini hakugeuka. Hakuja pale kutetewa. Akamwashiria mpiga ngoma apunguze, akasogea hadi ukingoni mwa jukwaa, mbele kabisa ya yule dada, akaliachia wimbi. Lilianza mbavuni, likashuka polepole, likageuka kiunoni, likapanda tena, na tumbo lote likafanya kazi liliyojifunza kwa miaka. Kicheko kikafa chenyewe. Alipowaita wenzake, Nesi akatangulia, kovu nje, kidevu juu, na wanawake ukumbini wakasimama.

Baadaye Fundi alimkuta nyuma ya jukwaa, jasho linamtiririka. Mkononi alikuwa na vazi la samawati, tumbo wazi.

"Nimefumua chote."

"Nimeshacheza."

"Nimeona. Sikulileta uvae leo." Akalikunja vazi. "Nimekuja kusema nilikosea, na kwamba nataka kukuoa."

"Dada yako atanuna."

"Anune. Duka lina milango miwili, atapita anaoutaka."

Bonge alitaka kubaki amekasirika, akashindwa. "Na gauni la harusi atashona nani?"

"Mimi."

"Kitambaa cha kola je?"

Fundi akatoa mfukoni vile vipande vyeupe, vyenye matundu ya nyuzi zilizofumuliwa. "Hiki kitaingia kwenye shati langu. Siku hiyo kinikabe mimi."

Bonge akaichukua futi shingoni mwake, akaizungusha kiunoni kwa Fundi. Fundi akavuta pumzi, kitumbo chake kikaingia ndani.

"Achia," Bonge akamwambia. "Hapa habanwi mtu."

Fundi akaachia.